Vinavyoingia Bila Hodi: Namna ya Kuacha Mlisho wa Mitandao na Kubaki na Intaneti

Mama mzazi wa rafiki yangu alifariki siku ya Jumatano. Mimi nilipata habari siku ya tisa, matanga yameshaanuliwa na majamvi yamerudishwa yalikoazimwa. Rafiki huyo tulilala bweni moja kwa miaka minne. Taarifa ya msiba aliiandika kwenye mtandao ambao tumeunganishwa humo tangu tumalize shule, na siku zote tisa nilikuwa nikiingia humo asubuhi, mchana na usiku. Niliona mpishi wa ng'ambo akikata nyama kwa madaha. Niliona wasanii wawili wakirushiana maneno. Niliona, mara tatu, tangazo la viatu ambavyo tayari nilikuwa nimevinunua. Msiba wa mwenzangu sikuuona. Nilipompigia kumpa pole alinijibu kwa sauti ya chini: "Nilidhani umeona ukanyamaza."

Tangu hapo nimehama. Simu ninayo, intaneti ninayo, na ninasoma mtandaoni kuliko zamani. Nilichoacha ni mlisho. Makala haya yanaeleza mlisho ni kitu gani na, hatua kwa hatua, namna ya kujijengea intaneti yenye watu na mambo uliyoyachagua mwenyewe. Kazi yote inafanyika kwa simu janja ya kawaida, ndani ya majuma mawili matatu, na sehemu kubwa ya gharama ni bando tu.

Mlisho ulitoka wapi

Mlisho ni ile safu ya picha, video na maneno inayoteremka chini ya kidole kila unapofungua Facebook, Instagram, TikTok au X. Jina linajieleza: yupo anayelisha na yupo anayelishwa, na anayelishwa haulizwi anataka kula nini.

Mambo hayakuanza hivyo. Facebook ilipozaliwa mwaka 2004, ukitaka kujua mwenzako anaendeleaje ulikwenda kwenye ukurasa wake, ukatazama, ukatoka, ukaenda kwa mwingine, kama mtu anayezunguka kuwajulia hali majirani. Septemba 2006 kampuni ikabadilisha utaratibu: habari za wote zikakusanywa na kumwagwa kwenye ukurasa mmoja. Mwaka huohuo mbunifu wa Kimarekani, Aza Raskin, alitengeneza mbinu ya ukurasa usio na mwisho, ule ambao ukikaribia chini unajiongeza wenyewe. Miaka mingi baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Mwaka 2009 Facebook ikaongeza kitufe cha kupenda. Mwaka 2016 Twitter, ambayo leo ni X, na Instagram zikaanza kuacha mpangilio wa saa na kupanga habari kwa algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazokisia ni kipi kitakushika usiondoke. TikTok ikamalizia kazi: humo huhitaji kumfuata mtu yeyote, mashine inakuletea usiowajua moja kwa moja.

Sababu ni biashara. Kampuni hizi huishi kwa matangazo, na kadiri unavyokaa ukitazama ndivyo matangazo mengi zaidi yanavyokupitia. Taarifa ya msiba humfanya mtu afunge simu, avae, aende. Kwa hesabu ya mlisho, hiyo ni hasara. Siamini kwamba yupo mtu aliyekaa ofisini akaamua kunificha msiba wa rafiki yangu. Mashine haijui msiba, inajua dakika.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuliwahi kuwa na intaneti ya namna nyingine. Katikati ya miaka ya 2000 Ndesanjo Macha aliandika blogu yake ya Jikomboe kwa Kiswahili na kuwahimiza wengine nao waanze. Mwaka 2005 mpigapicha Muhidin Issa Michuzi akafungua yake, ikawa dirisha la Watanzania wengi walio ughaibuni kuchungulia nyumbani. Mwaka 2006 ikaanza Jambo Forums, ambayo leo ni JamiiForums. Msomaji aliandika anwani mwenyewe, akafika, akasoma alichokifuata, akaacha maoni, akaaga. Wanablogu waliwekeana viungo pembeni mwa kurasa zao, kila mmoja akimwelekeza mgeni wake kwa jirani.

Maswali mawili ya kupimia

Anayehama sharti ajue anahamia wapi. Kwa kila huduma unayotumia, jiulize: Nani anapanga ninachokiona? Na nikitaka kuondoka, ninaondoka na nini?

Barua pepe inafaulu vizuri kuliko nyingi. Barua huweza kupangwa kwa saa zilivyofika, na mwenye anwani ya Gmail humwandikia wa Yahoo au wa ofisi ndogo ya Bujumbura bila wote kuwa wapangaji wa kampuni moja. Tofauti hiyo ilionekana Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika pamoja duniani kote kwa takriban saa sita. Huku Afrika Mashariki zilikatika kabla ya saa moja jioni, zikaanza kurudi usiku wa manane. Zote tatu ni za kampuni moja, na hitilafu ilikuwa moja. Barua pepe jioni ile ziliendelea kwenda, na simu ziliendelea kuita.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza

Chukua karatasi na kalamu. Fungua mtandao unaokula muda wako zaidi, uhesabu vitu 20 vya kwanza vinavyoshuka. Kila kimoja kiwekee alama katika safu yake: mtu unayemjua, ukurasa uliochagua kuufuata, tangazo, na kisichojulikana kimetoka wapi. Yangu yalikuwa hivi: ninaowajua 3, nilivyochagua 4, matangazo 5, visivyojulikana 8. Nilivyovialika vilikuwa 7. Vingine 13 viliingia bila hodi.

Geuza karatasi. Upande wa pili andika majina ya watu ambao ukikaa mwezi bila kusikia habari zao utaona umepungukiwa. Usichungulie simu kujikumbusha. Mimi nilikuwa na "marafiki" zaidi ya 1,200. Majina niliyoyaandika yalikuwa 34. Chini ya majina andika mambo unayopenda kuyafuatilia: bei za mazao, ligi, mashairi, habari za wilaya yenu, ushonaji, chochote. Karatasi hiyo itunze, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinaitegemea.

Hatua ya 2: Chukua namba, chukua vyako

Pitia majina, uweke alama kwa kila mtu ambaye una namba yake inayopatikana. Katika wale 34, namba za 11 sikuwa nazo, na mmoja wao ni mtoto wa mjomba wangu. Wote hao nilikuwa ninawategemea kwa mlisho. Waandikie ujumbe wa faragha, mmoja mmoja. Huu wangu unaweza kuuazima:

"Habari za siku nyingi, ndugu yangu. Ninapunguza kukaa mitandaoni ila sitaki tupotezane. Naomba namba unayotumia sasa, na barua pepe kama unayo. Yangu ni hii hapa. Wasalimie nyumbani."

Kwa mtu mzima kwako anza na shikamoo, na ukishapata namba yake usiishie kuandika, piga. Namba zihifadhi kwenye akaunti ya barua pepe iliyomo kwenye simu, zisikae kwenye laini peke yake. Simu ikichomolewa mfukoni kwenye daladala, zilizo kwenye akaunti zitarudi ukiingia kwa simu nyingine. Kumi za muhimu ziandike pia kwenye daftari. Daftari halimalizi chaji.

Kisha chukua picha na maandishi yako. Facebook na Instagram zina mahali pa kuomba nakala ya ulivyowahi kuweka: ingia kwenye mipangilio, kituo cha akaunti, sehemu inayohusu taarifa zako. Google nayo ina huduma hiyo, inaitwa Takeout. Faili huenda lisije papo hapo. Inaweza kuchukua saa kadhaa au siku, ndipo uletewe taarifa kwamba liko tayari, na kiungo cha kulipakulia hudumu siku chache tu. Picha za miaka kumi ni mzigo mzito, kwa hiyo zipakulie penye Wi-Fi, au omba kwa mafungu, mwaka mmoja mmoja. Ukishazipata zihamishie kwenye kompyuta au flashi.

Usiseme zitakuwepo tu. Mwaka 2019 MySpace, uliowahi kuwa mtandao mkubwa kuliko yote, ulikiri kwamba wakati wa kuhamisha mitambo ulipoteza picha, video na nyimbo ambazo watu walizipakia zaidi ya miaka mitatu nyuma. Aprili mwaka huohuo Google+ ilifungwa moja kwa moja kwa watu binafsi. Wenye nakala walibaki na kumbukumbu zao.

Hatua ya 3: Jitengenezee gazeti lako

Hatua hii wengi hawaijui, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Tovuti nyingi za habari na karibu blogu zote zina orodha ya habari zao mpya iliyoandikwa kwa muundo uitwao RSS. Msomaji wa kawaida haioni, lakini ipo. Muundo huo ulianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape, na miongoni mwa walioandaa toleo la 1.0 mwaka 2000 alikuwamo kijana wa miaka 14, Aaron Swartz. Yeyote anaweza kuutumia bila kulipa. Kama unasikiliza podikasti, inaelekea umeshautumia, kwani podikasti nyingi hupeleka vipindi vyao vipya kwa njia hiyo.

Unachohitaji ni programu ya kusomea. Kwa simu ya Android ipo Feeder, ya bure, isiyodai hata ufungue akaunti. Kwa iPhone ipo NetNewsWire, nayo ya bure. Feedly na Inoreader hutumika kwenye simu na kwenye kivinjari, na zina kiwango kisicholipiwa. Mwenye kompyuta anaweza kutumia Thunderbird, inayosoma barua pepe na RSS mahali pamoja.

Tuseme umeweka Feeder. Ifungue, chagua kuongeza chanzo, kisha bandika anwani. Anza na hii ya BBC Swahili: feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml. Ukikubali, vichwa vya habari vitajipanga kwa saa zilivyochapishwa. Kwa tovuti nyingine jaribu kwanza anwani yake ya kawaida. Mara nyingi programu itaitafuta orodha yenyewe. Ikishindwa, kwa blogu iliyojengwa kwa WordPress ongeza /feed mwishoni mwa anwani, na kwa ile ya Blogger ongeza /feeds/posts/default. Chaneli za YouTube nazo zina orodha zake: nakili anwani ya chaneli, ibandike kwenye Feedly au Inoreader. Kuanzia hapo utaona video mpya za mwalimu unayempenda bila kupita kwenye ukurasa wa mbele ambako utadakwa na mengine.

Sasa nikueleze ilivyokuwa kwangu leo asubuhi, kabla chai haijapoa. Kulikuwa na vichwa 23. Nilifungua vitano, nikasoma viwili hadi mwisho, vilivyobaki nikavifuta. Nikafika chini. Chini hapakuwa na kitu. Programu ilisema hakuna kipya. Mara ya kwanza nilipofika hapo kidole changu kiliendelea kusukuma kioo kwa mazoea, kama mguu unaotafuta ngazi ambayo imeshakwisha. Siku hizi ninaweka simu mezani ninamalizia chai.

Anza na vyanzo 10, visizidi. Zima arifa zote za programu hiyo. Gazeti halimwamshi mtu usingizini. Chanzo ulichokiruka kwa wiki tatu kiondoe bila kuona haya. Na programu nyingi hukuruhusu kuitoa orodha yako yote katika faili dogo liitwalo OPML, litunze. Google ilipofunga programu yake ya kusomea, Google Reader, tarehe 1 Julai 2013, wasomaji walibeba faili zao wakahamia kwingine na vyanzo vyao vyote. Hilo ndilo jibu la swali letu la pili.

Kuna kikwazo kimoja cha kwetu. Mitandao ya simu huuza bando za mitandao ya kijamii kwa bei ya chini, ambazo hazifungui tovuti nyingine. Tena mwaka 2014, huduma ya Facebook iliyoitwa Internet.org ililetwa Tanzania na Kenya kupitia kampuni za simu, ikatoa kurasa chache bila malipo, Facebook ikiwa miongoni mwao. Ndiyo maana wapo wenzetu ambao kwao intaneti na Facebook ni kitu kimoja. Ukihama utahitaji bando la kawaida la intaneti. Lakini maneno ni mepesi: makala nzima ya maandishi hula data kidogo sana ukilinganisha na dakika moja ya video. Weka programu ipakue habari penye Wi-Fi, uzime upakuaji wa picha, na usome ukiwa safarini hata pasipo mtandao.

Hatua ya 4: Rudisha mazungumzo

Gazeti umepata, bado watu. Kwa wengi wetu watu wako WhatsApp. Hiyo nayo ni mali ya kampuni yenye Facebook, lakini ujumbe wake huja kwa mpangilio wa saa na kutoka kwa mtu unayemjua, kwa hiyo inatumika vizuri ukijua pa kukanyaga. Eneo la stetasi na chaneli, ambalo tangu 2025 lilianza kuletewa matangazo, liache. Magrupu yaliyokufa ondoka kwa adabu: shukuru, aga, toka. La ukoo na la mtaa yanyamazishe kelele lakini usitoke, maana ndimo zinamopita taarifa za harusi na misiba.

Mimi hutumia orodha ya matangazo, ile inayokuwezesha kuandika ujumbe mmoja ukamfikia kila mtu peke yake bila kuonana na wengine. Inachukua watu hadi 256, na ujumbe haumfiki mtu ambaye hajaihifadhi namba yako. Sharti hilo ninalipenda: humwingilii asiyekutaka. Jumapili baada ya chakula cha mchana ninaandika aya mbili tatu: nimesoma nini, mtoto amefikia wapi, mvua imenyesha au haijanyesha. Wenye barua pepe ninawatumia barua. Wiki ya kwanza walijibu watu sita. Mmoja, mwalimu mstaafu, alijibu kwa sauti ya dakika saba, nyuma yake kuku wakisikika. Picha yoyote niliyowahi kuweka kwenye mlisho, hata iliyopendwa na watu mia, haikunipa dakika saba za mtu.

Hatua ya 5: Jenga ukurasa wako

Hatua hii si ya lazima, ila ni tamu. Ukurasa wako ni mahali pa kuweka mambo yasiyopaswa kuzama baada ya siku mbili: mapishi ya bibi, nasaba ya ukoo, picha za kijiji kabla ya barabara, mafunzo ya kazi unayoijua. Tim Berners-Lee alibuni wavuti akiwa CERN, nchini Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliuachia umma teknolojia yake bila malipo. Huna haja ya kuomba nafasi kwa mtu.

Blogger na WordPress.com hukupa ukurasa bure ndani ya dakika chache. Anayependa kuujenga kwa mkono, apange rangi na fremu anavyotaka, ajaribu Neocities, iliyoanza mwaka 2013 kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Ukiona umenogewa nunua jina la kikoa, yaani anwani iliyo yako. Tanzania ina vikoa vya .tz, Kenya ina vya .ke, na pande zote mbili kuna mwishilio wa watu binafsi, .me.tz na .me.ke. Jina hulipiwa kila mwaka. Ukisahau, mwingine anaweza kulichukua, kwa hiyo andika tarehe kwenye kalenda. Faida yake ni hii: kampuni inayohifadhi kurasa zako ikikusumbua, unahamia nyingine na anwani inabaki ileile.

Mambo mawili ya sheria. Tanzania ina Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilizotungwa mwaka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, nazo zinataka baadhi ya watoa maudhui wawe na leseni. Kabla hujaanza kuchapisha habari kwa umma, uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kama unachofanya kinaihitaji. Pili, namba, picha na habari za watu wengine si zako za kugawa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nasaba ya ukoo ni jambo jema. Kuweka humo tarehe za kuzaliwa na namba za simu za walio hai ni kuwafungulia mlango matapeli.

Hatua ya 6: Funga mlango, au uuegeshe

Si lazima ufute akaunti. Unaweza kuuegesha mlango tu. Ondoa programu ya mtandao kwenye simu, uwe unaingia kwa kivinjari. Usumbufu huo mdogo unapunguza safari nyingi. Ukiwa ndani, chagua mwonekano wa unaowafuata: Instagram, Facebook na X zote zinao, ingawa wameuweka pembeni. YouTube ukifuta na kuzima kumbukumbu ya ulivyotazama, ukurasa wa mbele unaacha kukupendekezea video. Kwenye simu nyingi za Android, ndani ya mipangilio kuna sehemu ya Nidhamu Dijitali. Humo unaweza kuipa programu dakika 20 kwa siku, zikiisha inajifunga.

Ukiamua kufuta kabisa, jihadhari na mambo matatu. Kwanza, kagua ni wapi pengine unaingia kwa kutumia akaunti hiyo. Ukiifuta kabla ya kubadili njia ya kuingia unaweza kujifungia nje. Pili, kusimamisha akaunti ni tofauti na kuifuta: aliyeisimamisha anaweza kurudi wakati wowote, na vitu vyake vinabaki kwa kampuni. Tatu, Facebook na Instagram hukupa siku 30 za kughairi. Ukiingia ndani ya siku hizo unaweza kufuta ombi lako. Baada ya hapo Facebook yenyewe husema kusafisha mitambo kunaweza kufika siku 90. Kwa hiyo pakua kwanza, futa baadaye.

Kwa anayeuza mtandaoni

Anayeuza vitenge, keki au vipuri kupitia Instagram hawezi kuambiwa afunge duka. Akaunti na ibaki, lakini iwe kibao cha barabarani: inaonyesha bidhaa, inaelekeza mteja kwenye namba yako. Kila anayenunua muulize kama angependa kupata taarifa za mzigo mpya. Akikubali, mwingize kwenye orodha yako, akikataa, heshimu. Mei 2025 mtandao wa X ulipozuiwa kwa watumiaji walio Tanzania, aliyetegemea wafuasi wake wa huko peke yao alijikuta hana pa kuwapata. Mwenye daftari la wateja alipiga simu.

Utakachokosa

Utakosa mengi. Utachelewa kujua vichekesho vya wiki, watu watataja video ambayo hujaiona, na utalazimika kuuliza. Kuna waandishi na wanaharakati wanaoandika ndani ya mitandao hiyo tu, na hao utawakosa au uwatembelee kwa kivinjari mara moja kwa wiki. Siku kumi za mwanzo mkono utaitafuta simu kila ukisimama foleni. Na kazi inayofanywa na mlisho itabidi uifanye mwenyewe: kuandika, kupiga, kukumbuka. Ujirani ulikuwa kazi hata kabla ya simu.

Rafiki yangu wa bwenini sasa jina lake ni la kwanza kwenye karatasi yangu. Huwa ananijibu Jumapili usiku, baada ya watoto kulala. Mwaka ulipotimia tangu mamake atutoke, hakuandika popote kuhusu kisomo. Alinipigia, nikapanda basi nikaenda.

Nawe leo, kabla hujalala, andika majina kumi. Ukifika kwenye jina ambalo huna namba yake, anza na hilo.